Kupima Ili Kujua pa Kuanzia: Mwongozo Kamili wa Tathmini ya Utambuzi Darasani na Kliniki

Mwanafunzi ameandika kwamba 52 kutoa 27 ni 35. Ukimwekea alama ya kosa na kuchukua daftari linalofuata, umesahihisha, lakini hujatambua chochote. Hebu baki kwenye daftari lile lile. Swali la pili ni 84 kutoa 36, naye ameandika 52. La tatu ni 71 kutoa 48, ameandika 37. Sasa sura inaanza kuonekana: kila palipo na tarakimu ndogo juu na kubwa chini, mtoto huyu anazigeuza, anatoa ndogo kwenye kubwa bila kukopa. Hakosei ovyo. Ana kanuni yake, anaifuata kwa uaminifu, na kanuni yenyewe ndiyo mbovu. Ukimpa mazoezi 50 zaidi, ataizoea mara 50 zaidi.

Mwaka 1978 watafiti John Seely Brown na Richard Burton walionyesha kwamba makosa mengi ya wanafunzi katika kutoa yana mpangilio wa namna hii, kiasi kwamba unaweza kuuandika kama programu ya kompyuta nayo ikatoa majibu yale yale yasiyo sahihi. Watu wa afya wanalijua somo hilo kwa njia yao: homa si ugonjwa, ni dalili. Wagonjwa wawili wenye nyuzijoto 38.5 wanaweza kuwa na maradhi mawili yasiyohusiana kabisa, na anayewapa wote dawa moja ya kushusha homa ameitibu namba tu.

Kazi hiyo ya kutoka kwenye namba hadi kwenye sababu ndiyo tathmini ya utambuzi. Nimefundisha miaka ya kutosha kuona hasara ya kuiruka. Niliwahi kutumia wiki tatu kufundisha kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, nikirudia maelezo kwa sauti na kwa michoro, kabla ya kugundua kwamba karibu nusu ya darasa hawakujua kutafuta vigawe. Dakika 15 za maswali sahihi siku ya kwanza zingeniokolea wiki hizo, na zingewaokoa watoto na fedheha ya kujiona wajinga. Mwongozo huu ni kwa mwalimu, mhudumu wa afya, na pia mzazi au mgonjwa anayetaka kuelewa anachofanyiwa.

Kwanza, tofautisha makusudi

Mtihani wa mwisho unauliza: amefikia wapi? Upimaji endelevu unauliza: anakwenda vizuri? Tathmini ya utambuzi inauliza: amekwama wapi, na kwa nini? Hufanywa kabla ya mada mpya, au pale mtu anapokwama. Haipaswi kuhesabiwa kwenye alama za muhula, kwa sababu mwanafunzi anayejua kwamba makosa yake yatamgharimu atayaficha, na makosa hayo ndiyo unayoyatafuta.

Kwenye afya kuna mstari mwingine unaovukwa mara nyingi: kati ya uchunguzi wa awali, unaofanywa kwa watu wasio na dalili ili kuona nani afuatiliwe, na kipimo cha kuthibitisha ugonjwa. Wa kwanza ni wavu mpana na haumaanishi kwamba kila aliyenaswa anaumwa.

Historia inatufundisha tahadhari hapa. Mwaka 1905 Alfred Binet na Théodore Simon walitengeneza, huko Paris, kipimo cha kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa pekee shuleni. Binet alipinga wazo kwamba akili ni kiasi kisichobadilika. Hata hivyo baada yake kipimo hicho kikageuzwa na wengine kuwa ngazi ya kupanga watu nani bora na nani duni. Chombo kilichoundwa kumtafutia mtoto msaada kikatumika kumfungia mlango. Ukikiweka kipimo chochote mikononi, jiulize kimeundwa kwa ajili ya nini.

Hatua ya 1: Andika uamuzi kabla ya kipimo

Chukua karatasi uandike sentensi mbili. Nikipata jibu hili, nitafanya hivi. Nikipata jibu lile, nitafanya vile. Ikiwa sentensi zote mbili zinaishia kwenye hatua ile ile, usipime. Utamchosha mwanafunzi, au utamtoa mgonjwa damu, kwa ajili ya kujaza faili.

Mwaka 1968 J. M. G. Wilson na Gunnar Jungner waliliandikia Shirika la Afya Duniani vigezo vya kuamua ugonjwa upi ufaa kutafutwa kwa watu wasio na dalili. Baadhi yake ni kwamba kuwe na tiba inayokubalika, na kuwe na mahali pa kuthibitisha na kutibu. Vigezo hivyo vimedumu kwa sababu ni vya haki: kumwambia mtu ana tatizo halafu kumwacha nalo ni kumwongezea mzigo. Hata shuleni naona iwe vivyo hivyo. Usiwapime watoto wote kusoma kama huna hata saa moja kwa wiki ya kuwasaidia watakaoonekana wamekwama.

Hatua ya 2: Sikiliza kabla ya kugusa chombo

Hii ndiyo hatua inayorukwa kwa sababu haina mashine. Mwaka 1975 J. R. Hampton na wenzake walichapisha utafiti mdogo wa wagonjwa 80 wa nje waliofika hospitali kwa mara ya kwanza. Kwa wagonjwa 66, utambuzi uliofikiwa baada ya kusoma barua ya rufaa na kusikiliza maelezo ya mgonjwa ulikuwa ndio ule ule wa mwisho. Uchunguzi wa mwili ulibadili picha kwa wagonjwa 7, na maabara kwa 7 wengine. Vipimo vimeendelea sana tangu wakati huo, lakini hakuna mashine inayojua maumivu yalianza lini, yanaongezeka ukifanya nini, na yanapungua ukifanya nini.

Kwa hiyo anza na swali lililo wazi: "Nieleze tangu lilipoanza." Kisha nyamaza. Maswali ya ndiyo au hapana yaje baadaye, ukishajua unachokitafuta. Usimwekee mgonjwa maneno mdomoni, ukiuliza "Kifua kinabana, sivyo?" wengi watakubali kwa heshima tu.

Darasani, kusikiliza kunamaanisha kumwambia mwanafunzi: "Nionyeshe ulivyofanya, huku unasema kwa sauti." Usimsahihishe katikati. Najua ni vigumu, mkono wa mwalimu unawasha kutaka kurekebisha, lakini ukimkatiza kwenye hatua ya pili hutaiona hatua ya nne, na huenda tatizo lilikuwa huko.

Hatua ya 3: Chagua au tunga kipimo kinachotenganisha sababu

Hapa ndipo penye ufundi, nami nitakaa kidogo.

Uliza darasa: ipi kubwa, 0.35 au 0.8? Wapo watakaosema 0.35, kwa kuwa 35 ni kubwa kuliko 8. Hao wanasoma desimali kama namba nzima. Lakini mtoto aliyejibu 0.8 amepata kwa sababu sahihi? Si lazima. Kuna wanafunzi wanaoamini kwamba desimali fupi siku zote ni kubwa, maana sehemu ya mia ni ndogo kuliko sehemu ya kumi. Huyo atapata swali hili bila kuelewa. Sasa ongeza swali la pili: ipi kubwa, 0.62 au 0.4? Anayesoma kama namba nzima atapata, kwa bahati. Anayeamini katika ufupi atakosa.

Tazama kilichotokea. Wanafunzi wawili wamepata 1 kati ya 2. Kwenye orodha ya alama wako sawa, ilhali wana matatizo yanayopingana, na somo litakalomsaidia mmoja linaweza kumzamisha mwingine. Kila jibu lisilo sahihi kwenye kipimo chako liwe na tafsiri yake. Ukitunga maswali ya kuchagua, usijaze nafasi na majibu ya kubuni; weka yale ambayo mwenye kanuni fulani mbovu angeyafikia. Tena weka chaguo la "sijui", ili asilazimike kubahatisha.

Kuhusu kubahatisha: swali moja lenye machaguo manne linaweza kupatikana kwa bahati mara moja kati ya nne. Maswali matatu ya stadi moja, kuyapata yote kwa bahati ni mara moja kati ya 64. Kwa hiyo pima stadi chache, kila moja kwa maswali matatu au zaidi, badala ya stadi 20 kwa swali moja moja.

Kwa kusoma, kuna jaribio rahisi ninaloliamini sana. Mtoto ameshindwa maswali ya ufahamu. Mchukue peke yake, mpe kifungu kingine cha kiwango kile kile, safari hii umsomee wewe, kisha muulize maswali. Akijibu vizuri, lugha anaijua; kinachomshinda ni kuyageuza maandishi kuwa maneno, basi rudi kwenye herufi, silabi na kasi. Asipojibu hata baada ya kusomewa, tatizo liko kwenye msamiati au kwenye lugha yenyewe, na mazoezi ya silabi hayatamfikisha popote. Ukitaka kujua kama kitabu kinamfaa, msikilize akisoma maneno 100: akikosea zaidi ya 10, kitabu hicho ni kigumu mno kwake kwa sasa.

Kliniki nayo inadai ujue kipimo kinagusa nini hasa. Vipimo vingi vya haraka vya malaria vinatafuta protini ya kimelea iitwayo HRP2, ambayo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Aliyetibiwa wiki mbili zilizopita anaweza kuonyesha chanya ilhali amepona. Upande mwingine, kipimo cha virusi vya UKIMWI kinachotafuta kingamwili kinaweza kuonyesha hasi siku za mwanzo za maambukizi, kabla mwili haujazitengeneza za kutosha. Kipimo hakijadanganya. Kimejibu swali lililo tofauti kidogo na ulilouliza.

Hatua ya 4: Pima katika hali inayostahili

Presha ya damu ni mfano mzuri kwa sababu inapimwa kila mahali na inaharibiwa kwa urahisi. Mpimwaji akae dakika 5 ametulia, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga sakafu bila kukunjwa, mkono umewekwa usawa wa moyo, kibofu kiwe kitupu, asizungumze. Asiwe amekunywa kahawa au kuvuta sigara ndani ya dakika 30. Mkanda mdogo kwa mkono mnene unapandisha namba isivyo halali. Na hata namba ikizidi 140 kwa 90, kwa kawaida inarudiwa siku nyingine kabla ya kumwita mtu mgonjwa wa presha, isipokuwa iko juu sana au ana dalili za hatari. Hapo hakuna kusubiri.

Darasani masharti ni yale yale kwa sura nyingine. Maelekezo yawe kwa lugha anayoielewa mtoto, la sivyo umepima lugha na kuiita hisabati. Usipime kasi kama huhitaji kujua kasi. Mwambie waziwazi kwamba hakuna alama, na kwamba unataka kujua wewe mwalimu uanzie wapi. Utashangaa mabega yake yanavyoshuka.

Hatua ya 5: Soma matokeo, na usiishie kwenye jumla

Kipimo chochote cha afya kina makosa ya aina mbili: chanya bandia, mzima anapoitwa mgonjwa, na hasi bandia, mgonjwa anapoitwa mzima. Wengi wanaamini kwamba kipimo kinachopatia mara 90 kati ya 100 kikisema chanya, basi una uwezekano wa asilimia 90 wa kuumwa. Si kweli, na kutolielewa hili kumewatia watu hofu isiyo na sababu.

Twende na hesabu. Chukua watu 1,000 wasio na dalili, ambao kwa kweli 10 wanaumwa. Kipimo kinakamata wagonjwa 9 kati ya hao 10. Kwa wazima 990, kinakosea kwa asilimia 10, yaani watu 99. Walioambiwa chanya ni 108 kwa jumla, na wanaoumwa kweli ni 9. Takriban mmoja kati ya 12.

Sasa peleka kipimo hicho hicho kwenye kundi lingine la watu 1,000, hawa wana dalili, na 300 wanaumwa. Kitakamata 270, na kitawapa wazima 70 chanya bandia. Kati ya chanya 340, walio wagonjwa ni 270, karibu wanne kati ya watano. Kipimo hakijabadilika hata kidogo; kilichobadilika ni kiasi cha ugonjwa ndani ya kundi. Lakini angalia na upande wa hasi. Katika kundi la kwanza aliyeambiwa hasi anaweza kulala usingizi: amekosewa mmoja tu kati ya 892. Katika la pili, wagonjwa 30 wamejificha kati ya hasi 660. Mgonjwa mwenye dalili zote, kipimo kikisema hasi, usimrudishe nyumbani mikono mitupu.

Ndiyo maana swali la kwanza mbele ya majibu ya maabara linapaswa kuwa: kabla ya kipimo hiki, nilidhani uwezekano ni upi? Na ndiyo maana matokeo mengi huthibitishwa. Kwa kisukari, sukari ya milimoli 7.0 kwa lita au zaidi baada ya kufunga ni kiwango cha ugonjwa, lakini kwa mtu asiye na dalili kipimo kimoja hakitoshi. Kinarudiwa, au kinaungwa mkono na kipimo kingine.

Jumla ya alama nayo inaficha mambo. Dodoso la PHQ-9, linalotumika kutafuta sonona, lina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, na jumla yake ni kuanzia 0 hadi 27. Kuanzia 10 mtu anahitaji kuzungumza kwa kina na mtaalamu. Dodoso peke yake si utambuzi. Lakini swali la 9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Mtu anaweza kuwa na jumla ya 4 na akawa ameonyesha hapo kwamba mawazo hayo humjia. Huyo hasubiri afikishe 10. Anazungumzwa naye siku hiyo hiyo, kwa upole, faragha.

Darasani tengeneza jedwali: majina kwa chini, maswali kwa juu, na kwenye kila chumba andika jibu alilolitoa, si alama ya kosa. Soma safu kwa safu kumwona mtoto, kisha soma wima kuliona darasa. Swali ambalo karibu wote wamelikosa kwa jibu lile lile linakuambia jambo juu ya ufundishaji, au juu ya swali lenyewe.

Hatua ya 6: Ondoa sababu za pembeni kabla ya kutoa jina

Hapa shule na kliniki zinahitajiana kuliko popote. Mtoto anayenakili vibaya kutoka ubaoni, anayekunja macho, anayeweka daftari karibu na pua: macho kwanza. Anayejibu kitu kingine, anayegeuza kichwa upande mmoja, anayeonekana mkaidi akiitwa kutoka nyuma: masikio kwanza. Mtoto anayeganda sekunde chache katikati ya sentensi, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, anaweza kuitwa mzubaifu mwaka mzima ilhali ana aina ya kifafa kinachotibika. Njaa, usingizi duni, hofu ya nyumbani, upungufu wa damu, vyote hivyo vinajidhihirisha kwa sura ya "hajitumi".

Kwa hiyo neno kama disleksia (ugumu wa kudumu wa kusoma) au "mlemavu wa kujifunza" lisitoke mdomoni mwa mwalimu kwa kuangalia daftari. Mwalimu anaona, anaandika alichokiona, anapeleka. Barua ya rufaa nzuri ni fupi: "Kwa wiki sita anasoma herufi moja moja lakini anasahau silabi kufikia mwisho wa neno. Akisomewa hadithi anajibu maswali yote. Ameketi safu ya mbele, hakuna mabadiliko. Macho hayajapimwa." Mtaalamu atakushukuru kwa hiyo kuliko kwa kurasa mbili za maoni.

Na anayeipokea barua ajilinde na jina la kwanza. Mawazo hung'ang'ania dhana iliyowahi kufika, kisha kila dalili mpya inalazimishwa kuitii. Dawa yake ni swali moja, liulizwe kwa sauti: "Ni nini kingine kinachoweza kuleta hali hii, na ni kipi ambacho siwezi kuthubutu kukikosa?"

Hatua ya 7: Mweleze mwenyewe

Matokeo ni ya aliyepimwa. Mwambie tulichokuta, maana yake, tusichoweza kukisema bado, na hatua inayofuata. Badala ya "umepata chanya," sema: "Kipimo hiki cha kwanza kimeonyesha kuna jambo la kufuatilia. Watu wengi wanaofika hapa hukutwa salama kwenye kipimo cha pili, nacho tutakifanya leo." Sema hivyo pale tu ambapo ni kweli. Kwa mtoto, taja kanuni, usitaje mtoto: "Umekuwa ukigeuza tarakimu," si "wewe ni dhaifu kwenye hesabu." Kanuni inabadilishwa, jina la dhaifu hubaki kwa miaka. Siri za afya na za masomo zisibandikwe ukutani wala kusomwa mbele ya wenzake.

Hatua ya 8: Tenda, kisha pima tena

Wagawe wanafunzi kwa kilichowakwamisha, kwa muda, na makundi yavunjike kila kipimo kinapobadilika. Nchini India, asasi ya Pratham imefanya kazi kwa miaka mingi kwa kuwapanga watoto kulingana na kiwango halisi cha kusoma na kuhesabu badala ya umri au darasa, kwa kipimo kifupi kinachofanywa ana kwa ana. Kinachowafaa watoto hao ni kwamba kipimo kinafuatiwa papo hapo na somo la kiwango kile.

Kwa mtoto wetu wa kutoa, weka kando penseli. Mpe vijiti 52, mafungu matano ya kumi na vijiti viwili pekee, umwombe akupe 27. Atafika mahali vijiti viwili havitoshi, na atalazimika kufungua fungu kwa mikono yake. Rudieni siku kadhaa, kisha aandike anachokifanya. Baada ya wiki mbili mpe maswali mapya ya umbo lile lile: 63 kutoa 28, na 90 kutoa 47. Akiandika 45 na 57, ile kanuni ya kale bado iko hai, rudini kwenye vijiti. Akiandika 35 na 43, mfungulie mada inayofuata. Akiandika 35 na 57, ameelewa kukopa ila sifuri bado inamkwamisha, na hapo ndipo somo la kesho linapoanzia.